Karatasi za Kukatia Magauni

Mtu wa glavu nyeupe aliletwa nyumbani kwa Mzee Wino na cherehani.

Cherehani yenyewe haikuwa na neno. Ya mguu, nyeusi, mkanda mpya. Ilikuwa ya mkewe, na mkewe alikuwa ametimiza miezi minane kaburini. Binti yao ni mtu wa kufanya mambo yaishe. Alikuja Jumamosi na ufagio, akakipangusa chumba cha kushonea, akaipiga cherehani picha kwa simu, akaitangaza: inauzwa, nzima, mwenyewe hatunaye. Wakapiga simu watu kumi na mmoja. Kumi waliulizia cherehani. Wa kumi na moja akauliza:

"Na huo mkono ulio ukutani mnauzaje?"

"Mkono gani, kaka?"

"Wa karatasi. Nyuma ya cherehani. Una nusu ndoo."

Binti alidhani mwehu, akakata. Ikalia tena. Ndipo akageuka kuutazama ukuta.

Kweli, mkono ulikuwepo. Karatasi nzito, rangi ya chai ya maziwa, imekatwa umbo la mkono wa gauni, imetobolewa tundu na kutundikwa kwa uzi kwenye msumari. Chini yake zilifuatana nyingine thelathini na ushee: mikono, kola, mifuko, migongo. Ndizo alizokatia mama yake magauni ya mtaa mzima. Zote zilikuwa na michoro ya wino mweusi: hapa sikio la mbuzi, pale kisigino, pale mdomo wa ndoo. Binti alikuwa amezaliwa akazikuta. Hakuwahi kuzitazama.

Mzee Wino alikuwa ameketi mlangoni, hana hili wala lile. Jina hilo alipewa kiwandani, kwenye kiwanda cha uchapaji alikofanya kazi miaka thelathini na minne. Wino ulimwingia kwenye kucha na tangu astaafu haujatoka. Shule hakwenda. Herufi alifundishwa na mtambo, na kwenye mtambo herufi hukaa kinyume. Hadi leo gazeti analisoma kwa kujikongoja, lakini ukimwekea mbele ya kioo anakwenda nalo mbio.

Maneno alikuwa nayo machache, na hakuyahitaji. Miaka arobaini na moja aliishi na mtu aliyejua kwamba akikohoa mara moja anataka chai, akikohoa mara mbili wageni wamekaa mno, na akikohoa huku akitazama pembeni ana jambo lakini halisemi. Mtu huyo hayupo. Kukohoa bado anakohoa.

Jumatatu yule mnunuzi akaja. Kabla ya kugusa chochote alitoa glavu mfukoni akazivaa, kidole kimoja kimoja, kama mkunga. Mtaa ukambatiza Glavu kabla hajamaliza kuvaa ya pili.

"Mzee, utanisamehe. Hizi hazishikwi kwa mikono mitupu."

"Mke wangu alizishika miaka arobaini."

"Ndiyo maana zinaumwa," alisema Glavu kwa huzuni kubwa.

Akatoa lenzi. Akauinamia ule mkono, akausogelea, akarudi nyuma. Chini kabisa, kwenye kona, palikuwa na jina limechapwa kinyume. Akajitupa kwenye stuli, na kwenye stuli kulikuwa na kifuko cha pini. Hakusikia.

"Jina liko kinyume," alinong'ona.

"Ndiyo," alisema Mzee Wino. "Aliharibu."

"Mzee, unajua hizi ni za nani?"

"Za Plasta."

Glavu alitaja jina kubwa. Jina hilo hata binti alikuwa amelisikia redioni. Mtu mwenyewe huonyesha kazi zake nchi za mbali, na chapa yake moja huning'inia kwenye benki, juu ya kichwa cha meneja. Akaeleza kwamba chapa zake za mwanzo kabisa, zenye jina kinyume, zinajulikana nne tu duniani. Wataalamu wamekipa kipindi hicho jina lake: Kipindi cha Kugeuka. Vimeandikwa vitabu.

"Msanii anaficha jina lake kwa anayetazama," alisema Glavu. "Anatuuliza, mimi ni nani?"

"Hakuuliza," alisema Mzee Wino. "Alichonga jina lake ubaoni kama unavyoliandika kwenye daftari. Ukichapa linatoka kinyume. Mimi ndiye niliyemwambia."

Glavu akatabasamu kwa upole, kama anayeongea na mgonjwa.

"Ulikuwa karibu mno, mzee wangu. Aliye karibu haoni."

Mzee Wino alimkumbuka Plasta vizuri. Kijana mwembamba, anafagia kiwandani, mchana anachonga picha kwenye mlango wa kabati bovu kwa kisu kisicho na makali. Vidole vyake havikukaa siku bila plasta. Picha ilikuwa ya mwanamke, ndoo na mbuzi. Siku moja msimamizi hayupo, akamsihi fundi wa mtambo wa mabango, yaani Mzee Wino mwenyewe, amchapie. Fundi akamchapia karatasi arobaini kabla ya wote wawili kuangalia kona ya chini. Kijana alilia. Fundi akamwambia achonge upya, akamwachia nne, na nyingine zote zilizoharibika akazifunga nyuma ya baiskeli akampelekea mkewe, kwani karatasi za mabango ni ngumu na mkewe alikuwa akitumia magazeti kukatia nguo.

Mkewe alizifungua mezani, akacheka hadi akajishika ubavu.

"Huyu mbuzi ana shingo ya nani? Na huyu mama mbona amenuna, ndoo imetoboka?" Halafu akapitisha kiganja juu ya karatasi. "Lakini ngumu kweli. Leo mume wangu umeniletea kitu cha maana."

Akachukua mkasi.

Basi Glavu akataja bei ya mkono mmoja. Binti akamwomba arudie. Akarudia. Binti akaenda kumnong'oneza baba yake.

"Mkono wa nani?" aliuliza Mzee Wino.

"Wa mke wa bucha."

"Gauni zima alilipa kwa maini."

"Baba, nyumba inavuja. Karatasi zinaliwa na mende. Mama mwenyewe angekuwepo angeshamfungia mtu huyu mzigo na kumtafutia kamba. Nimuuzie zote?"

Mzee Wino akatazama pembeni. Akakohoa.

Binti akasikia ndiyo.

Hapo ndipo kosa lilipotendeka, na lilikuwa la mzee mwenyewe. Alikuwa na maana ya kusema: zote, ila ile ya nyuma ya mlango. Mkewe angeelewa. Alinyanyuka akaenda dukani kununua wembe, roho yake imetulia, kama mtu aliyekwisha kusema.

Aliporudi, ukuta ulikuwa mweupe. Akaingia chumbani, akausukuma mlango, akatazama nyuma yake. Msumari mtupu.

Ile ya nyuma ya mlango ilikuwa vipande viwili kwenye uzi mmoja, mbele na nyuma ya gauni. Lilikuwa gauni la mkewe mwenyewe. Mtu hushonea wengine maisha yote. Lake alilikata mara moja, kwenye karatasi moja nzima, na kila aliposhona jipya alitumia hiyo hiyo, akijipima kiuno na kuandika namba pembeni kwa penseli. Ishirini na saba, mwaka waliooana. Ishirini na nane. Thelathini na sita, na mstari chini yake. Thelathini na moja. Ikaja thelathini na tatu, ikakaa hapo miaka mingi, miaka ya shibe. Kisha thelathini. Kisha ishirini na sita. Ya mwisho ni ishirini na nne, imeandikwa kwa mwandiko wa mtu aliyeshika penseli kama nyundo. Siku hiyo mkewe hakuweza kusimama na kujipima kwa wakati mmoja, akamwambia, "Shika futi, baba. Usinifinye. Andika wewe." Akaandika. Gauni hilo ndilo alilozikwa nalo.

Akampigia binti yake simu.

"Ile ya nyuma ya mlango iko wapi?"

"Ameichukua, baba. Si ulisema zote?"

"Nilikohoa."

"Ulikohoa, ndiyo."

Mzee Wino akakaa kitandani. Ilibidi aseme, akasema.

Binti hakulala juu ya jambo hilo. Akampigia Glavu palepale: tunaomba ile moja, pesa yake tunarudisha. Glavu alicheka kwa mshangao. Ile? Ile ndiyo lulu yenyewe. Nyingine ni vipande vya mwili. Vile viwili ukiviunganisha unapata picha nzima, ndoo, mama, mbuzi na jina. Hata kwa dhahabu hairudi. Ijumaa mchana itaonyeshwa ukumbini, msanii mwenyewe atakuja, na Jumatatu itakwenda kwa msafishaji.

"Kusafishwa vipi?" aliuliza binti.

"Ataviunga, atajaza pale shingoni palipokatwa, na atafuta yale machafu ya penseli pembeni. Ana ufutio wa kitaalamu, hakibaki hata kivuli. Mwambie mzee asiwe na wasiwasi."

Ijumaa mzee alivaa koti lake la mazishi, kwa sababu hana jingine, wakaenda.

Ukumbi ulikuwa mweupe pande zote, hauna kiti. Mlinzi akawasimamisha.

"Mzee, jina lako halipo hapa. Wewe ni nani katika maonyesho haya?"

Mzee Wino akafikiri.

"Mume wa gauni."

Mlinzi alikuwa ameshasikia makubwa kuliko hayo tangu asubuhi. Akampisha kwa heshima, akampa na kipeperushi.

Ndani, mtaa wao wote ulikuwa ukutani, umewekwa kwenye fremu. Binti alimsomea baba yake vibao. Kola ya mwalimu iliitwa "Kimya cha Koo". Mfuko wa aproni ya mkunga uliitwa "Tumbo la Dunia". Mkono wa mke wa bucha ulikuwa peke yake kwenye ukuta mzima, umemulikwa taa tatu. Kibao kilisema "Kiungo Kinachoutafuta Mwili". Pembeni yake maandishi ya marehemu yalisomeka vizuri: kwapa libane, lisibane sana.

Mbele ya kola alisimama Mtaalamu, mama mwenye miwani mikubwa myekundu, akiwaeleza wageni. Walimfuata ukutani kama vifaranga.

"Tazameni ukingo huu ulivyochanika. Hapa msanii amekata kwa hasira."

"Mkasi ulikuwa butu," alisema Mzee Wino.

Wakageuka wote. Mtaalamu akamtazama juu ya miwani, akaendelea. Walipofika kwenye karatasi yenye tangazo la sabuni lililochapwa juu ya mbuzi, alishusha sauti.

"Na hapa anaikemea biashara. Sabuni inamfuta mnyama."

"Hapo nilikuwa napasha mtambo moto," Mzee Wino alimwambia binti yake. "Huwezi kupasha kwa karatasi mpya. Unapitisha iliyoharibika."

"Nyamaza, baba, watatutoa."

Katikati ya ukumbi, ndani ya kioo, lilikuwa gauni. Vipande vya mbele na nyuma vimelazwa pamoja, na mwanya katikati. Mzee Wino akasimama mbele yake. Namba zote zilikuwepo. Akazihesabu kutoka juu hadi chini, kisha akabaki pale kwenye ya mwisho.

"Msijali hiyo penseli," Mtaalamu aliwaambia wageni nyuma yake. "Ni uchafu wa baadaye. Jumatatu inaondoka."

Ndipo makofi yakapigwa mlangoni. Msanii ameingia. Kichwa cheupe, kitambi cha heshima, pete mbili. Alikuwa akizungumza hata kabla hajafika katikati.

"Watu huniuliza, kwa nini kinyume? Nawaambia, mtu hajijui mpaka ajione kutoka nyuma. Nilipoligeuza jina langu, nilikuwa..."

Macho yake yakatua kwenye koti jeusi na kucha zenye wino. Akakwama. Wageni wakasubiri. Wengine walidhani kimya hicho ni sehemu ya hotuba, wakatikisa vichwa.

"Nilikuwa kijana," alimalizia.

Akapita katikati ya Glavu na Mtaalamu, akaja.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, Plasta. Vidole vimepona?"

"Plasta ni nani?" mtu alinong'ona. "Ni mchoraji mwingine," alijibiwa. "Wa zamani."

Plasta akamshika mzee kiwiko, akainama sikioni. Jasho lilikuwa limemtoka.

"Fundi, kuhusu lile jina. Usinivue nguo mbele za watu. Nimeshaandikiwa vitabu viwili."

Mzee Wino alikuwa hata hafikirii jina. Alikuwa akipanga maneno. Yalikuwa mengi kuliko alivyozoea, na aliyapanga kama herufi kwenye mtambo, moja moja, asikosee.

"Mke wangu amefariki," alisema. "Hiyo ni yake. Namba ni za kiuno chake. Jumatatu wanamfuta."

Plasta akanyanyuka. Akakisogelea kioo. Akaisoma penseli yote, midomo ikimchezacheza, mpaka chini.

"Hii ya mwisho siyo mwandiko wake."

"Ni wangu."

Plasta akaomba lenzi. Glavu akaikimbiza. Plasta akaitazama ndoo, akamtazama mbuzi, akaitazama kona.

"Hii si yangu," alisema.

"Samahani?" alisema Glavu.

"Si kazi yangu. Mtu ameniiga."

"Lakini jina liko kinyume!"

"Siku hizi nani halijui hilo? Limeandikwa vitabuni. Na mtazameni huyu mbuzi. Mimi nitachora mbuzi mwenye shingo hii?"

Ukutani, pande zote nne, kila mbuzi aliyebakiwa na shingo alikuwa na shingo hiyo hiyo. Hakuna aliyegeuka kuwatazama.

Mtaalamu akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Kusema kweli mimi tangu jana moyo ulikuwa unakataa," alisema. "Mistari imelegea. Haina ile hasira."

"Haina kabisa," walisema wageni, na waliokuwa karibu na kioo wakasogea mbali kidogo.

Glavu akafungua kioo. Akavua glavu zake, moja, mbili, akazitia mfukoni. Akavitoa vipande vyote viwili kwa mikono mitupu, akavikunja na kumsukumia mzee kifuani.

"Chukua takataka yako. Na pesa yake irudi kesho."

"Itarudi leo," alisema binti.

Mzee Wino akavikunjua, akavilaza vizuri kwenye mkono wake. Plasta aliwasindikiza hadi mlangoni. Hapo akasimama, akitazama viatu vyake.

"Alinishonea kiraka cha suruali, fundi. Huku nyuma. Nilikuwa na moja tu. Nilikaa kwenye benchi nimejifunga gunia, naye akashona bila kucheka."

"Alicheka," alisema Mzee Wino. "Ulipoondoka."

Plasta akacheka mwenyewe, akajifuta jicho kwa kidole chenye pete, akarudi ndani. Walimsikia akianza upya: mtu hajijui mpaka ajione kutoka nyuma.

Nyumbani, mzee alitundika karatasi kwenye msumari wake. Tundu lilikuwa limepanuka kwa kuvutwa, akalibandika utepe, akalitoboa tena. Binti alisimama karibu, akazisoma namba kwa mara ya kwanza tangu azaliwe. Kidole chake kikafika kwenye thelathini na sita yenye mstari chini.

"Hii ya mwaka gani, baba? Mbona imeruka hivi?"

Mzee akamtazama. Akatikisa kidevu kuelekea kwake.

"Mimi?"

"Wewe. Ulikuwa humo ndani. Ulimpiga teke, penseli ikateleza. Ndiyo huo mstari."

Binti alikiacha kidole pale pale.

Simu yake ikalia. Mtu anauliza kama cherehani bado ipo.

"Ipo," alisema binti. "Haiuzwi."

Siku ya pili mke wa bucha alifika mbio, kanga ubavuni, amesikia kwamba kwapa lake linatazamwa na watu wenye miwani, chini ya taa tatu, na hakuna aliyemuuliza. Alifoka kutoka mlangoni hadi jikoni. Alipochoka alitaka kujua kama kibao kimeandika jina lake. Alipoambiwa hapana, ndipo alipokasirika kweli.

Alipoondoka, Mzee Wino alichukua ufagio akafagia chini ya cherehani. Vumbi likampanda puani. Akakohoa mara moja.

Binti akanyanyuka, akaenda kuweka maji ya chai.

Mzee hakumrekebisha. Ilipokuja, aliinywa yote.